Barua Iliyosema Tung'oe Mihogo

Ilikuwa wakati wa Zaire. Barua ile aliniletea jirani yangu, mama wa kwaya aliyefika mwaka wa sita wa shule. Akanisomea pale mlangoni. Ilisema agronomu, yule bwana kilimo wa Serikali, ameona ugonjwa katika mihogo ya vijiti vyekundu iliyokuja na treni kutoka Kongolo. Ugonjwa huo utakula udongo miaka saba. Ng'oa yote, choma, kisha nakili barua hii mara kumi uwape watu kumi kabla ya Jumapili. Ukiificha, njaa yao iko juu yako.

"Miaka saba!" nikasema.

"Mama, usihesabu miaka. Chukua jembe."

Shamba langu kule Katanika lote lilikuwa la vijiti vyekundu, na watoto wangu wanne walikula humo. Jirani akaniandikia nakala kumi, mimi nikazigawa. Tisa zilibaki hapa Kalemie. Ya kumi nilimtumia dada yangu mkubwa, tunayemwita Yaya, kwa mtumbwi wa mota uliokuwa unaelekea Mpala. Yaya alikuwa mjane. Alichokuwa nacho ni shamba la mihogo tu, na mbegu yake nilimpa mimi. Nikaona nimemwokoa.

Siku mbili niling'oa. Mizizi ilikuwa bado midogo kama vidole. Nikachoma rundo la kwanza, nikachoma la pili. Siku ya tatu nilikaa ukingoni kupumzika, nikamenya mzizi mmoja. Mweupe, hauna doa. Nikautafuna, mtamu. Ndipo nikajiuliza: huu ugonjwa, nani ameuona kwa macho yake?

Mimi jina la mtu likiniingia kichwani halitoki. Nikaanza kurudi nyuma, nyumba kwa nyumba. Jirani alipewa na muuza samaki. Muuza samaki alipewa na mke wa katekista, naye alipewa na mtu wa stesheni. Kila mmoja nilimuuliza, "Umeona muhogo mgonjwa?" Kila mmoja akanijibu, "Mimi hapana. Aliyenipa njo ameona, ndiye huyo." Majina yao ninayo yote mpaka leo, ila siyaweki hapa, maana wana wajukuu wanaojua kusoma.

Yule wa stesheni akanielekeza kwa agronomu mwenyewe. Nikamkuta ndani ya biro yake, ofisi ya kilimo.

"Papa agronomu, njo wewe uliandika barua hii?"

Akavuta saraka, akatoa nakala tatu. "Mama, nimeletewa kama wewe. Nilidhani imetoka kwa wakubwa wangu, mpaka zikanifika mbili zaidi."

"Lakini wamekuandika chini."

"Wameandika kazi yangu. Jina langu unaliona? Na ugonjwa huo mimi sijauona."

Akazisoma zote tatu kwa sauti. Moja ilisema vijiti vyekundu, nyingine vyeupe, ya tatu mihogo yote pamoja na maharagi. Moja miaka saba, nyingine kumi na saba. Kila mkono ulioandika ulikuwa umeongeza chumvi yake.

"Sasa mbona umenyamaza?"

Akakuna kichwa. "Tangu jana mke wangu anang'oa ya nyuma ya nyumba. Natafuta namna ya kumwambia."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikatika. Nilimkumbuka Yaya.

Agronomu akanifundisha: kata kijiti kwa kisu, kikitoa maziwa, bado kizima, kiweke kivulini halafu ukipande. Akaniandikia hayo kwenye karatasi, na hii ikawa na jina lake na muhuri.

Siku ileile niliwazungukia wale tisa. Mmoja akanipokea kwa maneno: "Juzi ng'oa, leo panda. Kesho utatuambia tule udongo?" Nikayameza. Asubuhi nikapanda mtumbwi wa Mpala, na njia nzima niliona shamba jeusi la majivu mbele ya macho yangu.

Yaya nilimkuta shambani, amekaa katikati ya vijiti vilivyolala.

"Mistari mitatu, mgongo ukakataa," akasema. "Umekuja kunimalizia?"

"Yaya, barua ile ni ya uongo."

"Uongo wa nani?"

"Aliyeuanza simjui. Uliokufikia wewe ni wangu."

Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Nikampa karatasi ya agronomu. Akaigeuza huku na huku. "Hii nayo inataka niandike kumi?"

"Hapana."

"Basi leta kisu."

Tulikata kijiti cha kwanza, maziwa yakatoka. Cha pili, vilevile. Tukapanda mistari yote mitatu kabla jua halijazama, yeye akinitukana kwa upole kila tulipofika mwisho wa mstari.

"Wewe umechoma kiasi gani?"

"Nusu ya shamba."

"Mjinga wangu."

Kwetu vijiti vya mihogo haviuzwi. Anayeomba hupewa. Mimi hata sikuomba. Asubuhi yake Yaya alinifungia mafungu mawili makubwa ya vijiti vilivyobaki, akanibebesha mpaka majini.

Ndani ya mtumbwi mama mmoja akasogea mbali nami. "Si ile mibaya ya barua?" Nikakata kijiti mbele yake, maziwa yakamdondokea kidoleni. Akasema yake ameng'oa yote, akauliza kama angeweza kupata hata vichache. Nikampa. Wa nyuma yake naye akanyoosha mkono, na mwingine. Nilishuka Kalemie na fungu moja, na nikaenda moja kwa moja Katanika kupanda.