Namba Thelathini na Moja

Mama yangu alikuwa na siha ya kupigiwa mfano, na si mimi niliyesema, alisema mwenyewe, mtaa mzima wa Kibarani, kwa kila aliyesimama kumsikiliza.

Kazi yangu ni ya maabara, hapa hapa Kilifi. Tunachukua chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, tunazifunza kuitambua saratani ya damu na kuiua. Ndani ya kisahani cha plastiki tumeshaiponya saratani mara nyingi mno. Ndani ya mwili wa binadamu ni habari nyingine, bado tunahangaika. Na ili ujue damu ya mgonjwa imeharibika wapi, sharti uiweke kando ya damu ya mtu asiye na neno. Sasa mtafute mtu asiye na neno, aliyevuka miaka sitini, akubali kuchomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Wengi huuliza damu yao inapelekwa wapi. Ukiwajibu kwamba haiendi popote, ndipo wanapozidi kuogopa.

Mama alijipeleka mwenyewe. Sikumwomba, wallahi. Alimsikia muuguzi wetu akieleza kwenye mkutano wa mtaa, akaenda, akapimwa, akakubaliwa, akapewa namba badala ya jina. Namba ni siri, ili sisi wa maabara tusijue tunashika damu ya nani. Mama aliitangaza arusini.

"Mimi ndiye thelathini na moja," aliwaambia wenzake wakichambua mchele wa pilau. "Wagonjwa wote wa Kilifi hii hulinganishwa na mimi."

Nilikuwa hapo hapo nikimenya vitunguu saumu. Kwa hivyo siri ya utafiti niliijua pamoja na arusi nzima.

Asubuhi moja namba thelathini na moja ikatoka vibaya. Mashine yetu huhesabu chembe na kuzichora kwa vitone kwenye kioo cha kompyuta, na damu iliyo sawa hutawanya vitone vyake huku na huku. Hivi vilijazana pahali pamoja, chembe za aina moja tupu. Mwanafunzi wangu yeyote angeniambia ni ugonjwa gani. Mimi, mwalimu wao, nikasema mashine chafu.

Nikaiosha. Nikabadilisha rangi tunazotilia damu, kisha nikampigia simu bwana anayetuuzia rangi hizo, nikamgombeza, maskini wa watu, nikamwambia anatuletea maji ya mtaro. Nikajitoa damu mimi mwenyewe, nikaipitisha kwenye mashine ile ile, ikatoka safi, na hapo hasira ikanizidi. Basi nikaamua kwamba nimechanganya chupa yake na ya mgonjwa. Miaka yote ya kazi sijawahi kuchanganya chupa, na siku hiyo nilimwomba Mungu niwe nimechanganya.

Muuguzi akatumwa akatoe damu nyingine. Mama akarudi nyumbani anang'aa.

"Wameipenda hata wamerudia," akasema.

Ya pili ikatoka vile vile.

Nikamwambia mkubwa wangu kwamba namba thelathini na moja inaonyesha dalili za saratani ya damu. Akauliza mbona nalia. Nikasema mafua. Akanikumbusha taratibu: daktari wa mradi atamwita mhusika, na mimi si kazi yangu kujua mhusika ni nani. Taratibu nzuri sana hizo. Niliziandika mimi.

Nikaishi na mama nyumba moja siku kumi na mbili, mdomo nimeufunga. Lakini mikono ilinishinda. Nikawa nampikia maini. Nikamkataza kufua. Nikawa narudi nyumbani mapema, mimi ambaye hata Ramadhani nilimwacha afuturu peke yake. Kila saa, "Mama, pumzika," mpaka akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe una jambo."

"Sina, mama."

"Unalo, na mimi nalijua."

Akanisogelea, akanishika kidevu.

"Ni wa hapa, au wa Malindi?"

Lo! Kumbe mama alikwisha kukata shauri kwamba nimepata mchumba na maini ni ya kumlainisha. Kabla sijafumbua mdomo alikuwa kwenye simu na dada yake wa Malindi, wanabishana leso za rangi gani. Nikamwacha aamini hivyo, Mungu anisamehe. Alikuwa na furaha siku zile, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa.

Siku ya kuitwa nilikwenda naye. Daktari, kijana mpole, alimwamkia shikamoo mara mbili kabla ya kupata ujasiri. Akaeleza: ni saratani ya damu, lakini ya aina inayokwenda polepole, wengi huishi nayo miaka, kwa sasa haitaki dawa, ni kuangaliwa tu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkoba mapajani. Kisha akanigeukia mimi.

"Kwa hivyo hakuna mchumba."

"Hakuna, mama."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Ukanilisha maini."

Nikaangua kilio, na daktari akainama kusoma karatasi isiyokuwa na maandishi. Mama hakulia. Kilichomuudhi ni kuambiwa ametolewa kwenye orodha ya wenye siha. Akataka kujua namba yake atapewa nani. Akahakikishiwa hapewi mtu, akatulia kidogo. Halafu akauliza kama upande wa wagonjwa nao wanatafuta watu wa kutoa damu. Daktari akasema wanatafuta, tena sana.

"Haya," mama akasema, akapandisha mkono wa buibui.

Akapewa namba mpya. Nikaingoja arusi. Zimepita arusi mbili, mama akachambua mchele na kuwasema majirani, namba hakuitaja. Mwisho nikamuuliza mwenyewe, tukinywa chai.

"Si mlisema ni siri?"

"Ni siri, lakini mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana sikwambii. Nikikwambia hutafanya kazi, utalia tu juu ya mashine za watu." Akanisukumia sahani ya mahamri. "Kula."

Kila wiki chupa za wagonjwa huletwa zimepangwa kwenye kijirafu, namba kwa wino mweusi, na moja kati ya hizo huenda ni ya mama. Zamani nilizishika nne nne, huku napiga soga. Siku hizi nachukua moja moja, kwa mikono miwili, na wenzangu wanalalamika kwamba nawachelewesha.