Mbwa wa Kwenye Kadi

Mwaka ule tulipokwenda Ulaya kutafiti vitambaa, sisi wabunifu wawili wa karakana ya ufumaji ya Ifakara, nilimtumia mama kadi ya posta yenye picha ya daraja. Ilichelewa mno. Ilifika kupitia sanduku la parokia wakati nimesharudi nyumbani Lipangalala, nampepetea mama mchele.

Mama akanipa niisome kwa sauti, shangazi naye asikie. Nikasoma: "Shikamoo mama, tumefika salama, ila baridi ni kali." Wote wawili wakamshukuru Mungu kwamba tumefika salama, na mimi nipo palepale mbele yao, ungo mkononi.

Kisha wakaanza kunitafuta kwenye picha, maana nani atume picha ambayo mwenyewe hayumo? Wakanipata: mwanamke mnene anayetembea darajani, katugeuzia mgongo, kavaa koti jekundu, kamshika mbwa kwa kamba. Nikakataa, nikakataa tena mpaka nikakasirika. Mama akasema mwendo wangu anaujua tangu nilipoanza kutembea.

Nikachoka. Nikasema haya, ni mimi.

Mama akamgusa mbwa wa kwenye kadi kwa kidole.

"Sasa huyu mbwa umemwachia nani?"