Modemu Iliyovishwa Kofia ya Sufu

Wasomaji wa ukurasa huu, nashukuru jina langu limefichwa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ninaishi Ruring'u na mama yangu, ambaye ni mjane. Tunategemea ofisi yake ndogo mjini Nyeri, anakochapa barua na kutuma barua pepe za wazazi wenye watoto ng'ambo. Kompyuta ni ya mjomba, ndugu yake mama.

Mvua ya masika ilipoanza, radi ilipita kwenye waya wa simu ikaiunguza modemu iliyokuwa ndani ya kompyuta, ile inayoiunganisha na simu. Mjomba akaleta modemu ya nje, kisanduku chenye taa. Mimi ndiye niliyeifunga. Niliizima ile ya ndani kwenye mipangilio ili zisigombane, nikachagua mpya, na barua ya kwanza ikaenda. Mama alinikumbatia mbele ya wateja.

Wakati huo cucu, yaani nyanya yangu, mama yao mama na mjomba, alikuwa ametoka Endarasha kuja kutibiwa, na mchana hukaa ofisini na mama. Kwetu hakuna redio wala kiti kinachokaa bila kitambaa cha kufuma. Kompyuta alikuwa ameshaivisha. Alipoiona modemu alisema, "Ati haka kadogo kakae uchi na hii baridi?" Akakafumia kofia ya sufu nzito. Tulicheka sote.

Basi simu ikaanza kukatika barua ikiwa katikati. Wateja wakahama. Juzi taa za modemu zikazimika kabisa, na mjomba akaja kutoka Wang'uru amefura. Kwa kuwa nina jina la cucu, yeye huniita mama.

"Mama, nani alikutuma kufinya-finya vitu hujui? Umemaliza mashine yangu!"

"Lakini ilikuwa inafanya kazi," mama yangu akasema.

"Ilikuwa! Jumamosi nakuja kuichukua. Iende kwa duka yangu ya mchele."

Mama na cucu walipomsindikiza, niliivua ile kofia. Modemu ilikuwa moto kama sufuria ya githeri. Niliiacha ipoe, nikaiwasha, barua ikaenda bila kukatika. Nililia peke yangu, kwa sababu sasa najua. Niliporudi kesho yake baada ya masomo, nilikuta imevishwa tena.

Wapendwa, mjomba aliwahi kumkaripia cucu kwa sababu ya redio iliyomwagikiwa maji. Cucu alirudi Endarasha bila kula, akakaa muda mrefu hakanyagi kwetu. Sasa ni mgonjwa. Kanisani huwaambia akina mama wenzake kwamba yeye pia anasaidia kazi ya kompyuta. Nitamwondoleaje furaha hiyo, mimi niliyepewa jina lake?

Nikisema, mjomba atamfokea. Nikinyamaza, mama atabaki na meza tupu, nami hakuna atakayeniruhusu tena kugusa mashine yoyote. Bado naamini ukweli huu unaweza kusemwa kwa upole. Ninyi mliolelewa na nyanya zenu, nishaurini kabla ya Jumamosi: nimwendee nani kwanza, na nianze na neno gani?