Ukuta Uliokataa Kuanguka

Kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho hurithi nyumba ya mama. Kijijini Butiama desturi hiyo haina matata: nyumba ni ya udongo, mama akishaondoka duniani unaiacha ianguke, unajenga yako pembeni. Lakini mama yangu alikuwa anakaa Musoma mjini, kwenye nyumba ya mawe yenye duka mbele, ghala nyuma na veranda ya nguzo sita. Aliijenga mfanyabiashara wa Kihindi enzi za Mwingereza, na pamba ya Bunda ilipimwa pale pale mlangoni. Mpimaji alikuwa baba yangu. Tajiri alipohama nchi, baba aliuza ng'ombe wake wote, akainunua. Baba alipofariki kaka zangu walipata mashamba, mimi nikangojewa na jumba.

Mke wangu anafundisha Bunda, amepanga vyumba viwili huko na watoto. Mimi nafanya kazi Musoma, nakaa na mama; kwa miaka minne nilikuwa mume wa Jumamosi, siku ya kwenda Bunda. Nyumba singeweza kuiuza, mama yumo. Singeweza kuibomoa pia, ipo barua ya serikali inayosema ni jengo la kihistoria, hata dirisha lisiguswe bila kibali. Na kila nilipomgusia mama habari ya kuhama, alibadilisha mazungumzo. Mwaka huu mke wangu alichoka.

"Baba watoto," alisema, "amua unalala wapi."

Tumaini langu likabaki kwenye ukuta wa chumba cha mama. Nilipopata kazi ya kwanza nilijifanya mtu mzima, nikaweka mafundi wakapiga plasta ya sementi chumba kizima, maana kwetu mtoto aliyefanikiwa hujulikana kwa sementi. Mama alipiga vigelegele. Kumbe zile kuta ni mawe yaliyoshikwa kwa udongo, zilipakwa chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Sementi yangu iliufungia ndani. Kila masika ukuta ulivimba, ukapasuka, ukamwaga unga mweupe kitandani kwa mama. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye, Mungu anisamehe, nikaanza kufurahi: ukuta ukifa, serikali itasema nyumba haifai, nami nitamchukua mama twende zetu Bunda.

Nikamwita fundi mzee anayejua kazi ya chokaa. Nilimwingiza chumbani nimevaa uso wa msiba. Alibandua plasta kwa patasi asubuhi nzima, akakwangua udongo, akaupikicha vidoleni, akagonga mawe moja moja. Nilisimama nyuma yake nikiomba yaanguke.

"Hii nyumba nzima kabisa," akasema. "Toa sementi yote, ukuta ukauke, halafu tupake chokaa. Itakuzika wewe, na watoto wako itawazika."

Alidhani ananipa habari njema. Nilitoka uani nikapiga ndoo teke, maji yakamwagika, nikajisikia mjinga.

Miezi mitatu nilibandua sementi kwa mikono yangu kila nikitoka kazini, mama akiwa amehamia chumba cha mbele. Niliyachukia yale mawe. Kila niliposafisha moja nilitamani nikute limeoza, na kila moja lilikuwa zima. Vumbi lilinikausha koo. Fundi akaja, akapaka chokaa, chumba kikawa baridi na chenye nuru kama siku kilipojengwa. Majirani walikuja kushangaa, wakanipongeza.

Siku ile, Ijumaa, mama alikuwa verandani anachambua dagaa. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, mimi nyumba hii siitaki."

Hakuinua kichwa. "Hata mimi sikuitakaga."

Nilidhani ananitania.

"Nilikuwaga nataka turudi Butiama, nilime mtama wangu," akasema. "Baba yako akakataa. Akasema ng'ombe zake zote ziko ndani ya hizi kuta, ataziachaje? Basi nikakaa."

"Na alipokufa? Mbona hukuondoka?"

Hapo ndipo akaniangalia, kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Niende wapi, baba? Ulikuwa bado mdogo. Nilikuwa nakutunzia."

Kesho yake sikwenda Bunda.