Shimo Ambalo Sikulichimba Theta

Kuna siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu. Ni ile Mama Wanjiru aliponipeleka Theta kunionyesha ploti yake. Nilikuwa kijana bado, nimetoka kumaliza nyumba yangu ya kwanza ya vyumba viwili kule Thika, karibu na mto Chania, na nilijiona fundi kamili. Sikuwa. Nilijua kujenga, sikujua kukadiria, na hayo ni mambo mawili.

Mama Wanjiru aliuza mboga Mwihoko. Kwa miaka mingi alikuwa amepanga chumba kimoja na mama yake mzee na wajukuu wawili, na akiba yake yote ilikuwa ya kujenga nyumba ya vyumba viwili hapo Theta. Alisimama katikati ya majani, akaniuliza swali moja tu.

"Fundi, hizi pesa zitanifikisha kwa mabati?"

Nilipiga hatua huku na huku, nikajifanya nafikiria. Kusema ukweli, nilichukua hesabu ya nyumba ya Thika, mawe yaleyale, simiti ileile, nikaihamishia Theta vile ilivyokuwa. Nilijua mtu huchimba shimo kwanza aone ardhi ikoje chini. Hata jembe ningeazima kwa jirani. Lakini mama wa watu alikuwa ameshaanza kunionyesha mahali pa kitanda cha mama yake, na alikuwa amefurahi hivi kwamba nikaogopa kupata jibu lingine.

"Utafika, mama," nikamwambia.

Jioni hiyohiyo alimpa landilodi wake notisi ya kuhama.

Thika, msingi ulikuwa umegonga mwamba futi ya pili. Theta, futi ya pili ilikuwa udongo mweusi, wa kunata. Ya tatu, mweusi. Ya tano, bado. Wachimbaji wakaanza kunicheka: "Fundi, tukiendelea hivi tutatokea Mombasa!" Mimi sikucheka. Udongo ule hufura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukuta ulio juu yake hupasuka nao. Kuutoa wote na kujaza mawe kungemeza pesa za kuta.

Hapa naona aibu kuandika, lakini nikiruka nitakuwa nimekudanganya. Kwa siku mbili nilifikiria kujenga juu ya huo udongo tu. Ukuta ungesimama hadi mvua ya masika, na mimi ningekuwa nimeshalipwa. Labda ningefanya hivyo, sijui. Kilichonizuia si wema wangu. Ni Mzee Gitau, aliyenifundisha kazi, ambaye alipita kuniona akitoka Ruiru mjini. Aliliangalia shimo kwa muda mrefu.

"Ulichimba kabla ya kumtajia huyu mama bei?"

"Hapana, mzee."

"Mbona?"

"Alikuwa amefurahi sana."

Hakunigombeza. Alinipangusa vumbi begani kama mtoto. "Huyo hukumhurumia. Ulijihurumia wewe mwenyewe. Nenda ukamwambie, na mimi sikusindikizi."

Nilimkuta Mama Wanjiru Mwihoko akifunga vikombe kwa magazeti. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Haiya! Kwa hivyo mabati sitayaona?"

"Ukijenga vyumba viwili, hapana. Kimoja utamaliza."

Aliendelea kufunga kikombe kilekile. "Ungeniambia ile siku, ningelia kidogo, kisha ningekaa hapa mwaka mwingine nikitafuta pesa. Sasa chumba changu kimeshapewa mtu." Halafu akaniangalia. "Na hicho kimoja kitakuwa na dirisha, ama hata hilo hukulihesabu?"

Mama yake, kitandani, ndiye aliyecheka kwanza.

Tulijenga kimoja, msingi hadi ardhi ngumu. Sikuchukua malipo ya ile wiki ya kuchimba, na hiyo si sifa, ilikuwa haki yake. Walilala humo watu wanne. Yule mama mzee alifia humo, hakuwahi kupata chumba chake. Cha pili Mama Wanjiru alikijenga baadaye, na fundi mwingine. Simlaumu. Nilipita nikakiona, na kazi ya huyo fundi ni safi.

Mwanangu, nasikia umeitwa Ruiru kumkadiria mtu nyumba. Simu yako inajua hesabu kuliko mimi, lakini haijui chini kuna nini. Chimba shimo, hata kama mwenye ploti ana haraka. Hesabu ya nyumba nyingine iache kwa nyumba hiyo. Usilolijua, sema hulijui. Na nambari ikitoka kubwa, itaje hivyo hivyo ilivyo, kisha ukae naye mpaka amalize kuhuzunika, kwa sababu siku hiyo bado ana pa kulala na bado anaweza kuchagua. Sina hakika kama mimi ndiye mtu wa kukufundisha haya. Nayajua tu kwa sababu niliyakosea.

Mungu akulinde ukiwa juu ya ngazi, aibariki mikono yako, na kila utakayemjengea aingie ndani wazazi wake wakiwa bado hai.