Ufunguo Uliotangulia Kasongo

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mjini Kasongo. Amisa Mahamudu anawasha kompyuta na kungoja. Kioo kinabaki cheusi, kisha mstari mmoja mweupe unatokea kumdai ufunguo.

Anautoa ndani ya blauzi: kidude kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimefungwa kwa uzi shingoni. Anakichomeka ubavuni mwa mashine, anaandika namba ya siri, anakigusa kwa kidole. Ndipo mashine inaamka.

Bila kidude hicho, hakuna neno linalosomeka kwenye diski. Na humo mna ushuhuda wa wanawake 212 wa Kabambare waliotendewa ukatili na watu wenye silaha, pamoja na majina yao na vijiji vyao.

Amisa, mwenye umri wa miaka 36, ndiye anayeuandika, kwa niaba ya chama kidogo cha akina mama. Fundi wao, Octave, aliweka sharti moja: mashine na ufunguo visisafiri pamoja.

Amisa alilichukia sharti hilo. Safari moja ufunguo ulikwama njiani siku tatu kwa sababu ya matope. Wanawake waliotembea kwa miguu kutoka Lusangi wakarudi bila kutoa ushuhuda wao.

“Nilimugombeza Papa Octave mbele ya watu,” anakiri. “Nikamuambia: wewe unaketi kwenye kivuli, mimi ndiye naona wamama wanalia. Lakini sharti hakulibadilisha.”

Machi mwaka jana, Amisa alikuwa akirudi kutoka Salamabila. Mwenzake, Emilienne, alikuwa ametangulia na ufunguo tangu asubuhi. Mchana, Amisa akafuata nyuma ya dereva wa pikipiki, kompyuta ikiwa mgongoni.

Katikati ya msitu, watu wanne wenye bunduki waliwasimamisha. Walikuwa wamesikia kuna mwanamke anayeandika majina, nao walitaka kujua nani amewataja.

“Fungua,” mkubwa wao aliamuru.

Amisa aliiwasha kompyuta. Kioo kikadai ufunguo. Wakapekua nguo zake, mfuko wake, hata viatu vya dereva.

“Nikawaambia: fungulo haiko na mimi, ilishaenda. Hata mukiniua, mashini haitafunguka.”

Walimketisha juani, wakampiga, wakauliza yaleyale mpaka jua likainama. Mwishowe waliondoka na kompyuta na pikipiki, wakawaacha wawili hao waende kwa miguu.

“Nilisema kweli tupu,” anasema, sauti ikishuka. “Ingekuwa ndani ya nguo yangu, sijui kama ningevumilia.”

Nakala ya ushuhuda ilikuwa Kasongo, kwenye diski nyingine inayofunguliwa na ufunguo uleule. Hakuna kilichopotea. Wiki moja baadaye, Amisa alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaipeleka nyumbani kwa Octave.

“Akanikaribisha, tukakula. Basi.”

Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza wenye majina. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita Laura, alikuja mpaka Kasongo na swali moja tu.

“Dada Amisa, jina langu wamelisoma?”

“Hawakulisoma.”

“Unaapa?”

“Naapa.”

Laura akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku ile ya msituni Amisa hajaipita tena njia ya Salamabila. Pikipiki ikikata moto nje ya ofisi, anashtuka. Mumewe, Ayoubu, amemwomba mara mbili aache kazi hii. “Hanilazimishi,” anasema Amisa. “Anaogopa tu, na mimi naogopa vilevile.”

Hata hivyo, mwezi ujao anakusudia kurudi. Chama kimepata chumba upande wa Kabambare, mahali tusipopataja, ambako kompyuta itakaa bila kubebwa njiani tena. Laura amekuwa akijifunza kuandika kwa mashine, na ndiye atakayeitunza.

Ataanza kwa kuandika ushuhuda wake mwenyewe, ambao aliuacha nusu alipomsimulia Amisa.

“Hataki nimuandikie tena,” anasema Amisa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. “Anataka aandike yeye. Mimi nitaketi karibu naye, nimusikilize.”