Muswada wa Kwanza wa Oleta

Oleta Standridge alipika kantini ya shule huko Oklahoma mpaka mvi zikamjaa kichwani, kisha watu wa kwao wakamchagua kuwa mbunge wa jimbo. Haya, mpishi kaingia bungeni! Muswada wake wa kwanza ulitaka jambo moja tu: mtoto aliyedhulumiwa atoe ushahidi kwa video akiwa chumba cha pembeni, asitazamane na aliyemuumiza.

Juu, kwenye viti vya wageni, aliketi mdogo wake Nelda. Akiwa na miaka minane, Nelda alisimamishwa mahakamani mbele ya jirani aliyemharibu. Jirani akamkazia macho, mtoto akawa bubu, kesi ikafa, jirani akaenda zake nyumbani. Tangu hapo Nelda husema kwa kunong'ona, hata akimwita paka wake.

Sasa, wabunge wale wana mchezo wao: mbunge mgeni akileta muswada wake wa kwanza, sharti achezewe shere. Na haambiwi, ng'o!

Akainuka Purvis, mzee wa masharubu. "Mheshimiwa, sheria yako itamkataza mke wangu kunikazia macho nikichelewa kurudi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Na mikate kwa mchuzi, imo kifungu cha ngapi?"

Oleta akawaka. "Mzee Purvis, watoto wa darasa la kwanza wamekushinda adabu! Kaa chini kabla sijakutoa kwenye foleni ya chakula!"

"Pigeni kura," akasema Spika, akijikaza asicheke.

Ubao wa kura ukawaka mwekundu, jina baada ya jina. Hapana, hapana, hapana. Oleta akainamia makaratasi yake. Hakuthubutu kumtazama mdogo wake.

Mara ubao ukageuka kijani. Wote wamegeuza kura kuwa ndiyo! Purvis akapiga meza, "Karibu bungeni, dada! Ndivyo tunavyokaribishana!"

"Washenzi nyie, mtaniua!" Oleta alicheka huku akilia, akamtupia Purvis makaratasi kichwani.

Ndipo sauti ikapasuka kule juu. "Ndiyooo! Ndiyooo!" Alikuwa Nelda, kasimama juu ya kiti, viatu mkononi.

Spika akagonga nyundo. "Wageni, kimya! Kanuni ni kanuni!"

Oleta akakamata kipaza sauti. "Mheshimiwa Spika, huyo ni mdogo wangu. Amenyamaza miaka hamsini. Naomba umwache."

Spika akaiweka nyundo chini, na Nelda akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.